Gari Bila Logibuku: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuliondoa?

Gari kuukuu lisilo na logibuku, yaani cheti cha usajili, halikosi mteja. Muuza vyuma vikuukuu yuko tayari kulipima kwa kilo, makanika yuko tayari kulinyofoa vipuri, na jirani yuko tayari kutoa elfu kadhaa mradi alivute hadi kwake. Ndiyo maana watu wengi nchini Kenya huliona suala hili kuwa la usafiri tu: litatokaje hapa, na nani atalibeba. Swali linaloamua mambo huulizwa baadaye, aghalabu mbele ya polisi au hakimu: aliyeliuza alikuwa na haki gani ya kuliuza?

Hoja ninayoitetea hapa ni moja. Karatasi ikikosekana, kazi ya kwanza ni kumpata mwenye gari anayetambuliwa na rejista, au mtu aliyepewa na sheria mamlaka ya kusimama mahali pake. Kuuza, kupiga mnada au kukata vyuma huja baadaye. Anayeanza na kukata hulimaliza gari, lakini rekodi yake hubaki hai, na rekodi hiyo ndiyo hufuatwa mambo yakiharibika.

Karatasi na rejista

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Sharti hilo la mwisho limezaa kesi nyingi. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ushahidi wa mauzo unaweza kushinda jina lililo kwenye rejista: kampuni iliyokuwa imeuza gari kabla ya ajali haikubebeshwa mzigo wa ajali hiyo kwa sababu tu jina lake lilikuwa halijafutwa.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, kupoteza logibuku si kupoteza gari. Mkataba wa mauzo, ujumbe wa M-Pesa, risiti ya benki, stakabadhi za bima na mashahidi vyote vina uzito. Pili, na hili ndilo watu husahau, mzigo wa kuthibitisha uko begani mwa yule ambaye jina lake halimo. Ukiwa na mkataba bila usajili, una hoja ya kupeleka mahakamani. Ukiwa na usajili, mwingine ndiye atakayehangaika kuleta hoja.

Rejista yenyewe imehama mikono. Kwa miaka mingi usajili wa magari ulikuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru, KRA. Sheria ya mwaka 2012 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na kazi hiyo ikahamia huko. Mafaili yakaingizwa kwenye kompyuta na huduma sasa hupatikana kupitia eCitizen. Kwa aliyepoteza karatasi hii ni nafuu kubwa, kwa maana kilichoungua au kuibwa ni nakala tu na kumbukumbu yenyewe ipo. Kwa hiyo kabla ya kumwita mwenye mizani, omba rekodi ya gari kwa nambari yake ya usajili. Itakuonyesha jina la nani limo, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyesajiliwa pamoja naye. Ukishajua hilo, utajua uko katika hali gani kati ya hizi nne.

Jina ni lako, karatasi imepotea

Hii ndiyo hali nyepesi. Unaripoti kituo cha polisi, unapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio) na abstrakti ya polisi, unaapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kisha unaomba nakala ya pili ya logibuku kwa NTSA. Baada ya hapo unauza kama mtu mwingine yeyote. Wanaoruka hatua hizi huwa wameona gari halina thamani ya usumbufu, lakini gari lenye nakala mpya huuzwa kama gari, nalo lisilo nayo huuzwa kama chuma. Tofauti ya bei pekee mara nyingi hulipia usumbufu huo na kubakisha.

Tahadhari ni moja. Kuna logibuku ambazo hazikupotea bali ziko kwenye kabati la mkopeshaji. Kuapa kwamba imepotea ilhali unajua iliko ni kosa la jinai, na hakuondoi deni. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake kwenye rejista ya kielektroniki ya dhamana. Mnunuzi makini atatazama huko pia, na atakuta deni lako likimsubiri.

Ulilinunua lakini hukulihamisha

Magari mengi ya kale yamekwama hapa. Enzi za fomu za karatasi ilikuwa kawaida muuzaji kutia saini fomu ya uhamisho na kuacha nafasi ya jina la mnunuzi wazi. Mnunuzi naye aliiweka, akauza, akaikabidhi fomu hiyo hiyo kwa mwingine. Gari lilipita mikono mitatu au minne huku rejista ikimtambua mtu wa kwanza tu. Sheria ya Trafiki inakataza gari lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye gari mpya kusajiliwa, lakini wengi waliona ada ya uhamisho ni gharama ya kuepukwa.

Siku ya kuliondoa, gharama hiyo hurudi ikiwa imenenepa. Ni lazima umtafute aliye kwenye rejista. Akipatikana, usimwendee kama mtu anayeomba msaada, kwani yeye pia ana la kupoteza: gari likigonga mtu au likitumiwa katika uhalifu, polisi wataanzia mlangoni pake, na ni yeye atakayelazimika kuleta ushahidi kwamba aliliuza. Siku hizi uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, naye mnunuzi huukubali kwenye yake, kwa hiyo saini ya zamani kwenye fomu haitoshi. Akikataa, au akiwa ametoweka kabisa, njia iliyobaki ni mahakama: kuomba itamke kwamba gari ni lako na iagize NTSA kubadilisha jina. Hapo ndipo mkataba wa ukurasa mmoja uliowekwa ndani ya Biblia au kwenye sanduku la bati huwa na thamani kuliko injini.

Kama aliyesajiliwa ni kampuni iliyofutwa, tatizo hukua. Kwa mujibu wa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, mali ya kampuni iliyovunjwa huangukia Serikali. Aliyekuwa mkurugenzi hawezi kuuza lori la kampuni hiyo kana kwamba ni lake. Kampuni itabidi irejeshwe kwanza kwenye rejista, au haki hiyo ifuatwe kwa Serikali.

Mwenye gari amefariki

Hapa ndipo familia nyingi huumia, na huumia zikiwa na nia njema. Baba ameaga, Peugeot 504 yake imekaa uani miaka mingi, nyasi zimeota hadi kwenye madirisha. Ndugu wanakubaliana iuzwe ili pesa zisaidie kulipa karo. Makubaliano hayo hayatoshi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hicho hakimsazi mjane wala mtoto wa kwanza.

Njia halali ni kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Familia huanza na barua ya chifu inayotaja warithi, huenda mahakamani, na ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi apewe siku 30 kujitokeza. Utaratibu wa kawaida ni kwamba barua hizo huthibitishwa baada ya miezi 6. Kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake, Mahakama ya Kadhi ina nguvu juu ya mirathi chini ya ibara ya 170 ya Katiba. Mirathi midogo inaweza pia kupitia kwa Mdhamini wa Umma, ambaye ana ofisi nje ya Nairobi na utaratibu mfupi zaidi.

Ushauri wangu kwa familia ni huu: gari liorodheshwe katika ombi la mirathi tangu mwanzo, hata kama limeoza. Watu huorodhesha shamba, nyumba na hisa, wakaliacha gari kwa kuwa haliendi. Miaka mitatu baadaye mtu anataka kulinunua, na familia inarudi mahakamani kuomba hati irekebishwe kwa ajili ya kitu ambacho kingeandikwa kwa mstari mmoja.

Gari si lako kabisa

Mwenye gereji, mwenye yadi na mwenye ploti wote hukumbwa na hili. Mteja aliacha gari litengenezwe, akasikia bei, hakurudi. Au mpangaji alihama usiku akaacha gari. Karatasi hazikosekani kwa kupotea. Hazijawahi kuwa mikononi mwa yule anayetaka kuliondoa.

Kwa aliyelipokea gari katika kazi yake, Kenya ina sheria inayomfaa hasa: Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali lolote la hivi karibuni na huenda ukaona inavyofanya kazi. Tangazo huwa fupi. Linataja kifungu cha 5 cha sheria hiyo, linaorodhesha nambari za usajili na aina za magari, linataja gereji au yadi yalikolazwa, kisha linawapa wenyewe siku 30 kuyachukua baada ya kulipa gharama za matengenezo na kuyahifadhi. Wasipofika, yatauzwa kwa mnada wa hadhara au kwa makubaliano. Pesa zitakazopatikana zitafidia gharama. Salio ni la mwenye gari, na zikipungua, atadaiwa upungufu.

Tangazo hilo linafanya jambo ambalo makubaliano ya faragha hayawezi kulifanya: linamwita mwenye gari mbele ya nchi nzima na kumpa muda. Mnunuzi wa mnada hubaki na tangazo, hati ya mnada na risiti za kupeleka NTSA, ilhali aliyenunua kichochoroni nyuma ya gereji hubaki na kumbukumbu ya mdomo. Mwenye gereji atunze kadi ya kazi ya siku gari lilipoingia, nakala za barua na ujumbe aliomtumia mteja, na hesabu ya gharama. Mwenye gari anaweza kutokea siku ya 31 akiwa na wakili.

Mwenye ploti hana wepesi huo, kwa kuwa hakulipokea gari kwa kazi. Aanze na polisi. Gari lililotelekezwa linaweza kuwa limeibwa, na kuripoti mapema ndiko kunakomtenga na mwizi. Polisi wakishalichunguza na mwenyewe asipatikane, amri ya mahakama ndiyo mlango salama wa kuliuza.

Yapo pia magari yaliyoingia nchini kwa msamaha wa ushuru: ya wanadiplomasia, ya watu wenye ulemavu, ya Wakenya waliorejea kutoka ng'ambo. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari la namna hiyo likienda kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hudaiwa. Mtu anayekuuzia gari la namna hiyo kwa bei ya kutupa, akidai karatasi "ziko njiani", huenda anakuuzia deni la ushuru.

Kulikata vyuma hakulifuti

Wengi huamini kwamba gari likishakatwa kwa gesi na kupakiwa kwenye lori, habari imekwisha. Kwa upande wa chuma, imekwisha. Mabati yanaweza kwenda Kamukunji kugeuzwa majiko na masanduku, injini ikaenda Kirinyaga Road, mabaki yakaenda tanuruni. Lakini kwenye rejista gari hilo bado lina nambari, jina na haki ya kuwa barabarani.

Hatari ya hilo huonekana ukitazama nambari ya chesisi kwa karibu. Chukua Toyota Probox, gari linalobeba mboga, watu na mitungi ya gesi katika nusu ya barabara za mashambani. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hubeba nambari inayoanza na herufi na tarakimu za modeli, kama NCP51, kisha kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe. Mara nyingi hupigwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Anayetaka kuficha Probox ya wizi hununua iliyokufa ya modeli hiyo hiyo, akakata kipande cha chuma chenye nambari na kukichomelea kwenye gari zima. Au husaga nambari ya gari la wizi kwa grainda na kupiga ile ya gari lililokufa. Ukipitisha kidole utahisi mkunjo wa chuma kilichochomelewa, au bonde dogo palipokuwa pamesagwa. Rangi ya hapo huwa mpya kuliko ya jirani zake. Gari la wizi sasa linatembea kwa utambulisho wa gari lako, na rejista inasema ni lako.

Kwa hiyo anayelikata gari avue nambari za usajili na asizikabidhi pamoja na mzoga. Aarifu NTSA kwa maandishi kwamba gari limeharibiwa na aombe lifutwe. Apige picha za gari, nambari ya chesisi na ya injini, na aweke risiti. Amuuzie mfanyabiashara mwenye leseni: Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 inataka leseni kwa biashara hii. Serikali ililitilia jambo hili mkazo mwaka 2022, pale biashara ya vyuma hivyo ilipopigwa marufuku Januari baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikaruhusiwa tena Mei kwa masharti makali zaidi. Mfanyabiashara asiyetaka kuona kitambulisho chako ndiye wa kuogopwa.

Mafuta ya injini, betri yenye risasi na asidi, na gesi ya kiyoyozi pia vinahitaji mahali pa kwenda. Kumwaga mafuta hayo uani ni kuyapeleka kisimani.

Anayenunua ajilinde vipi

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinaweka kanuni ya zamani: mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Uaminifu wa mnunuzi haulitakasi gari la wizi. Akiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni la wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo kisichozidi miaka 14. Bei ya chini mno na muuzaji asiyetaka kuandikiana ni miongoni mwa mambo ambayo upande wa mashtaka utayaonyesha kuwa sababu hiyo.

Ukitaka kununua gari lisilo na logibuku, mwache muuzaji atafute nakala kwanza, nawe umpe malipo ya awali kwa mkataba ulioshuhudiwa na wakili. Atakayekataa kwa kisingizio kwamba ana haraka, haraka yake iwe jibu lako.

Kasoro iliyo katika mfumo

Itakuwa si haki kumlaumu raia peke yake. Gari la thamani ya shilingi elfu thelathini linadai njia ile ile ya mahakama inayodaiwa na basi jipya, na gharama ya wakili inaweza kuzidi bei ya mzoga. Mtu akiona hesabu hiyo, hachagui uhalifu. Anachagua kukaa kimya. Ndivyo viwanja, gereji na vituo vya polisi vinavyojaa magari ambayo kila mtu anayaona na hakuna anayeweza kuyagusa.

Uingereza imetenga usajili na umiliki waziwazi. Cheti chao cha usajili humtaja mtunzaji wa gari na kusema si uthibitisho wa umiliki. Gari la kufa hupelekwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, hata kama cheti kimepotea. Kituo hutoa hati ya uharibifu na rejista hufungwa. Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, ilianza kutekeleza mwaka 2005 sheria inayomtaka mwenye gari kulipia mapema gharama ya kulibomoa. Gari likiuzwa ng'ambo, pesa hizo hurudishwa kwa anayelisafirisha. Kwa maneno mengine, gari linafika bandari ya Mombasa likiwa limefutwa kwao kwa hati rasmi, huku pesa zilizotengwa kwa ajili ya mwisho wake zikiwa zimebaki Japani. Sisi tunapokea gari bila mpango wa mwisho wake.

Kenya inaweza kufanya mambo matatu bila kungoja mapinduzi. NTSA iwape wafanyabiashara wa vyuma wenye leseni uwezo wa kuingiza kifo cha gari kwenye rejista siku linapokatwa, baada ya nambari ya chesisi kukaguliwa. Magari ya umri mkubwa na thamani ndogo yawekewe utaratibu wa kiapo na tangazo la siku 30, pasipo kesi kamili ya mirathi, mradi yaende kukatwa tu na yasirudi barabarani. Na wanaoagiza magari walipie kidogo mwanzoni kwa ajili ya mwisho, jambo linalolingana na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, iliyomwongezea mwenye kuleta bidhaa sokoni wajibu juu ya taka zake.

Mpaka hayo yafanyike, kanuni ya mwananchi ni fupi. Soma rekodi kabla ya kupokea pesa, mtafute mwenye jina au mwenye mamlaka yake, tangaza pale sheria inapotaka utangaze, kisha ufute gari kwenye rejista kwa bidii ile ile unayotumia kuliondoa uani. Gari lililoondolewa hivyo haliwezi kurudi kumshtaki mjane, mwenye gereji wala mnunuzi aliyelipa kwa jasho lake.